Uzi: Wimbo wako unapigwa redio za mtandaoni na kwenye podikasti za ng'ambo. Makuta (hela zake) yanamfikia nani?

GitaaLaKatuba (mwanzisha uzi)

Jambo yenu wote, wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, na ndugu zetu wa Goma na Bukavu mnaopita humu.

Mwezi uliopita shemeji yangu anayeishi Bruxelles alinipigia simu ya video akiwa jikoni. Nyuma yake redio ya mtandaoni ilikuwa inalia. Nikamwambia, "Shemeji, ongeza sauti kidogo." Lilikuwa gitaa langu. Wimbo tuliourekodi mwaka 2016 katika chumba kimoja pale Kamalondo, hapa Lubumbashi, magodoro yamesimamishwa ukutani kuzuia kelele za barabara. Umeme ulikatika kati ya ubeti wa pili na kiitikio, tukangoja mpaka saa tano usiku. Ukisikiliza vizuri, kwenye kiitikio kuna pikipiki inapita. Hatukuthubutu kurudia, tuliogopa umeme utaondoka tena. Pikipiki ile nikaisikia ikipita Bruxelles.

Shemeji akasema wimbo huo anausikia karibu kila wiki. Mimi siku ile nililipwa nauli na sahani ya bukari (ugali).

Tangu siku hiyo kila jioni nimekuwa nikisoma na kuuliza watu. Nataka niwawekee hapa nilichokipata, kwa sababu wapigaji wengi wa mji huu hawajaambiwa, na kuna hela zinazokaa bila mwenyewe.

Kwanza tutenganishe mali mbili, maana bila hapo mengine yote yatawachanganya. Kuna WIMBO: maneno na sauti yake (melodi), mali ya mtunzi. Na kuna REKODI: ile sauti iliyonaswa siku fulani, studio fulani, na watu fulani. Kesho mwingine akiuimba upya wimbo wako, wimbo unabaki wako, rekodi ni ya kwake. Redio ikipiga, mali zote mbili zimetumika, na kila moja ina njia yake ya kulipwa, na mara nyingi chama chake cha kukusanya. Mtunzi analipwa kwa wimbo. Kwa rekodi wanalipwa mwenye rekodi (aliyegharimia, au lebo, yaani kampuni ya muziki), mwimbaji mkuu, na wapigaji. Hiyo ya pili sheria inaiita haki jirani, nasi wapiga gitaa tunakula huko.

Sasa Marekani, kwa sababu mfano wake uko wazi. Redio ya kawaida ya FM kule inamlipa mtunzi, lakini haimlipi aliyeimba wala aliyepiga. Ndivyo sheria yao ilivyo mpaka leo. Redio ya kidijitali ni habari nyingine. Tangu sheria zao za mwaka 1995 na 1998, redio ya mtandaoni au ya setilaiti ambayo msikilizaji hachagui wimbo lazima ilipie rekodi. Anayekusanya anaitwa SoundExchange. Mgawanyo umeandikwa kwenye sheria yenyewe: asilimia 50 kwa mwenye rekodi, 45 kwa msanii mkuu, 5 kwa mfuko wa wapigaji na waitikiaji ambao si wakuu. Ile 45 inatumwa kwa msanii moja kwa moja, haipiti mkononi mwa lebo. Kujiandikisha ni bure, na si lazima uwe Mmarekani.

Tupige hesabu, ili mtu asidhani kesho atanunua gari. Mwaka 2021 majaji wao wa hakimiliki waliweka dola 0.0021 kwa kila wimbo unaosikika kwa msikilizaji mmoja, kwenye redio isiyo na malipo ya kujiunga. Wimbo ukisikika mara 100,000 kwa hesabu hiyo, ni dola 210. Msanii mkuu 94.50. Mwenye rekodi 105. Ukiwa wewe ndiye wote wawili, 199.50, kabla chama hakijatoa gharama zake. Halafu kuna kodi: asiye Mmarekani anajaza fomu inayoitwa W-8BEN, na kwa kuwa Kongo haina mkataba wa kodi na Marekani, inakatwa asilimia 30. Unabaki na kama dola 139. Si utajiri, lakini ni nyuzi za gitaa za mwaka mzima na kodi ya chumba cha mazoezi.

Bruxelles si Marekani, kwa hiyo wimbo wangu una njia nyingine, nitaisema mkiuliza. Kwanza nataka kusikia: nani humu ameshawahi kupokea hata dola moja ya redio?

KijanaWaRuashi

Mukubwa, aksanti sana kwa uzi. Miye niko na swali. Nyimbo zangu nilizipitisha kwa msambazaji wa mtandaoni, zinatoka kote, Boomplay, Audiomack, Spotify. Nilifikiri yeye ndiye anakusanya kila kitu?

GitaaLaKatuba

Hapana, mdogo wangu, na wengi wameangukia hapo. Msambazaji anakusanyia zile hela za msikilizaji anayeuchagua mwenyewe wimbo wako na kuucheza. Hela za redio ya mtandaoni kwa upande wa rekodi ziko kwa vyama vya haki jirani. Zile za mtunzi ziko kwa chama cha watunzi. Wasambazaji wengine wanauza huduma ya kukusanyia na hizo kwa kukata asilimia, soma mkataba wako uone kama uliikubali.

Ila msambazaji ana faida moja kubwa: anakupa ISRC. Fungua akaunti yako sasa hivi uitafute. Ni herufi na tarakimu 12: mbili za mwanzo, tatu za aliyetoa, mbili za mwaka, tano za rekodi yenyewe. Ndiyo namba ya kitambulisho cha rekodi yako. Ukihama msambazaji, hama NAYO. Ukiacha yule mpya akupe namba nyingine kwa rekodi ileile, umezaa mapacha, na hela zitagawanyika kwa watoto wawili, mmoja hana jina.

KijanaWaRuashi

Nimeangalia. Iko. Lakini jina langu limeandikwa namna tatu tofauti kwenye nyimbo tatu. Moja kwa K, moja kwa C, nyingine wameongeza "Officiel" mbele.

GitaaLaKatuba

Basi kwa kompyuta ninyi ni watu watatu. Andikia msambazaji akurekebishie leo.

DadaKiitikio

Yaya (kaka yangu mkubwa), mimi ni mwitikiaji. Nimeitikia kwenye nyimbo zaidi ya ishirini za watu wa hapa, na jina langu haliko popote. Wakati mwingine wananiita saa mbili usiku, naitikia mistari minne, napewa franka kidogo, narudi kwetu mtaa wa Kenya, hapahapa Lubumbashi, kwa miguu. Kwa hesabu yako niko kwenye ile asilimia 5. Inafikaje kwangu kama hakuna aliyeandika kwamba nilikuwepo?

GitaaLaKatuba

Dada, swali lako ndilo lililonifanya nifungue uzi. Haifiki. Ile asilimia 5 inakwenda kwenye mfuko unaosimamiwa na vyama vya wanamuziki na waimbaji wa Marekani, nao wanalipa kwa orodha ya majina ya walioshiriki kwenye rekodi. Jina halipo, hela hazipo.

Kwa wale nyimbo zao zinapigwa Ufaransa, kule wana vyama viwili vya wasanii: ADAMI kwa wale ambao jina lao limetajwa kwenye rekodi, na SPEDIDAM kwa wapigaji na waitikiaji ambao hawakutajwa. Ubelgiji ni PlayRight kwa waimbaji na wapigaji, SIMIM kwa wenye rekodi. Gitaa langu la Bruxelles njia yake ni PlayRight. Kote huko utaulizwa kitu kimoja: thibitisha kwamba ulikuwepo siku ile.

Kwa hiyo mimi sasa hivi nina karatasi moja. Kabla mtu hajatoka studio inajazwa mezani, palepale tunapowekea vikombe: jina la wimbo, tarehe, mahali, nani alitunga maneno na kwa asilimia ngapi, nani alitunga sauti, nani aliimba, nani aliitikia, nani alipiga nini, nani aligharimia, rekodi ni ya nani. Kila mmoja anatia sahihi, tunaipiga picha kwa simu, picha inatumwa kwa wote. Dakika kumi. Wiki mbili za mwanzo wenzangu walinuna, wakasema nimekuwa polisi. Juzi mpiga besi mwenyewe ndiye aliyeuliza, "Karatasi iko wapi?"

WakiliKampemba

Naomba niongeze upande wa sheria, maana ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Hapa kwetu haki jirani zimo kwenye sheria tangu zamani. Sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda watunzi pamoja na waimbaji, wapigaji na watayarishaji wa rekodi. Chama ni SOCODA, kilichoidhinishwa mwaka 2011 kikachukua nafasi ya SONECA iliyokuwepo tangu 1969, na kinasimamia haki za aina zote mbili. Kwa hiyo mtu asiwaambie kwamba mpiga gitaa wa Lubumbashi hana haki, eti mpaka aende Ulaya. Anayo.

La pili, hukumu ambayo wanamuziki wa Afrika wanapaswa kuijua. Zamani nchi kadhaa za Ulaya zilikuwa zinakusanya hela ya redio kwa rekodi, kisha zinamnyima msanii wa nchi ya nje kwa sababu ya uraia wake au mahali rekodi ilipofanyika. Sehemu yake inabaki kwa mtayarishaji au inagawiwa wengine. Tarehe 8 Septemba 2020 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi iliyotoka Ireland kati ya vyama viwili vya haki jirani, RAAP na PPI, ilisema nchi mwanachama haiwezi kumnyima msanii malipo hayo kwa sababu tu anatoka nje ya Ulaya. Kwa hiyo mpigaji aliyerekodi Kamalondo akipigwa redio ya Ulaya ana mahali pa kusimama.

La tatu, Ufaransa ilianzisha malipo hayo ya redio kwa sheria ya tarehe 3 Julai 1985, nusu kwa wasanii, nusu kwa watayarishaji, na mwaka 2016 sheria nyingine ikaziingiza redio za mtandaoni ndani yake.

MwanaBukavu

Asante wakili. Mimi nina swali la upande wa utunzi. Nichague SOCODA au SACEM, chama cha watunzi cha Ufaransa? Mzee wetu mmoja wa hapa alijiandikisha vyote viwili ili "asikose kote".

WakiliKampemba

Mzee aangalie sana. Unapojiunga na chama unakikabidhi haki zako zikusanywe kwa eneo fulani. Ukikipa dunia nzima, haki hiyohiyo huwezi kumpa mwingine tena mpaka utoe eneo hilo kwa maandishi. Madai mawili kwa wimbo mmoja yakigongana, vyama vinasimamisha malipo mpaka wewe utatue. Kabla ya kuchagua jiulize nyimbo zako zinapigwa wapi zaidi, halafu uulize chama, kwa barua, kama kina mkataba na chama cha nchi ile. Ubelgiji ni SABAM. Mikataba kati ya vyama ndiyo barabara ambayo hela zinapita kurudi nyumbani.

Na kila wimbo uutangaze kwa jina lake kamili, na watunzi wote. Kujiunga bila kutangaza nyimbo ni sawa na kufungua akaunti ya benki usiweke kitu.

MpikaBiti

Na sisi tunaopika biti na kuchanganya sauti? Mimi si mwimbaji, jina langu linatajwa kwa sauti tu mwanzoni mwa wimbo.

GitaaLaKatuba

Kuna mlango. Sheria ya muziki ya Marekani ya mwaka 2018 imewaingiza watayarishaji, wachanganyaji na mafundi wa sauti: msanii mkuu anaandika barua ya maelekezo kwa SoundExchange, kwamba kutoka kwenye sehemu yangu mpe huyu asilimia kadhaa kwa rekodi hii. Wanamlipa moja kwa moja. Lakini bila barua ya msanii hawakupi kitu, kwa hiyo iombe siku mnapatana bei ya biti, wakati bado mnacheka pamoja.

Na kama sauti ya ile biti ni yako umeitunga, wewe pia ni mtunzi. Jiandike kwenye karatasi upande wa wimbo.

KijanaWaRuashi

Mukubwa, nimeanza kujaza fomu nikakwama. Wanataka jina la kwanza na jina la mwisho tu. Miye niko na tatu.

GitaaLaKatuba

Ee, hapo Wakongo wengi tunakwama. Sisi tuna jina, jina la pili, na jina la ubatizo. Fomu zao zina visanduku viwili. Nilichofanya mimi: nikachukua pasipoti, nikaandika ubatizo kwenye kisanduku cha kwanza, na yale mengine mawili pamoja kwenye kisanduku cha mwisho, kwa mpangilio uleule wa pasipoti. Kisha nikaenda benki nikahakikisha akaunti yangu imeandikwa vilevile, herufi kwa herufi. Kadi yangu ya mchaguzi ilikuwa imekosea herufi moja, nikaiacha pembeni. Jina la kisanii lina kisanduku chake, usilichanganye na la kitambulisho.

SautiYaMtaa

Mimi natangaza kipindi cha muziki kwenye redio ya mtaa hapa Lubumbashi. Baada ya kipindi tunaweka faili lote mtandaoni kama podikasti ili ndugu zetu wa ng'ambo wasikilize. Humo ndani kuna nyimbo kumi kamili. Tuko sawa au tunakosea?

WakiliKampemba

Ndugu, swali lako linahitaji jibu refu, nakuomba uvumilie.

Redio inapopiga hewani, au mtandaoni bila msikilizaji kuchagua, ruhusa inatoka kwa vyama. Podikasti ni kitu kingine kisheria. Ni faili: mtu analichagua, analipakua, analirudia, anaruka kwenda dakika ya 14 kwenye wimbo anaoutaka. Hapo umenakili wimbo, umenakili rekodi, na umezifunga pamoja na maneno yako. Kule Marekani ile leseni ya sheria inayolipwa kupitia SoundExchange haiigusi podikasti kabisa. Lazima uombe ruhusa mbili: ya mwenye wimbo na ya mwenye rekodi. Ufaransa SACEM inatoa idhini ya podikasti kwa upande wa utunzi, lakini ya rekodi bado unaitafuta kwa mwenyewe. Na yale maneno kwamba sekunde thelathini ni bure hayamo kwenye sheria yoyote niliyoisoma.

Kwa hiyo matangazo yenu ya moja kwa moja ni suala moja, na faili mnaloliacha mtandaoni ni suala lingine. Mnaweza kukata nyimbo mkaacha mazungumzo. Au muwaandikie wasanii wa hapa, mpate ruhusa yao kwa karatasi. Wengi watakubali kwa furaha.

GitaaLaKatuba

Na hili wanamuziki walisikie vizuri. Kwenye redio kuna chama kinakukusanyia hata ukiwa umelala. Kwenye podikasti rekodi yako haina mkusanyaji, hela yake ni ile unayopatana mwenyewe na mwenye kipindi. Lakini usione huo ni ubaya. Kwa hesabu niliyopiga juu, kufikia dola 100 kwenye redio unahitaji makumi ya maelfu ya masikio. Kwenye podikasti mtu mmoja anayependa gitaa lako akilitaka kama mlio wa kufungulia kipindi, mnapatana siku moja. Na gitaa letu la Katanga, la vidole viwili, tangu enzi za Mwenda Jean Bosco, ni sauti ambayo mtu akiisikia mara moja anauliza inatoka wapi. Hiyo ni mali, tujue kuiuza.

MwanaBukavu

Mali bila daftari huisha bila habari, mukubwa. Nimeshachapisha ile karatasi yako, tutaitumia huku.

DadaKiitikio

Nimerudi. Kuna podikasti moja ya dada Mkongo aliyeko Ubelgiji, imekuwa ikifungua kwa wimbo wangu mwenyewe, huu mmoja nilioutunga na kuugharimia kwa akiba ya chama cha akina mama. Mwanzo niliona fahari tu, nikawa naisambaza. Baada ya kuusoma uzi huu nimemwandikia juzi kwa heshima. Amejibu leo asubuhi! Anaomba radhi, anasema alidhani sekunde chache hazina shida, na yuko tayari kunilipa dola 150. Anataka nimtumie barua ya ruhusa ambayo itasema "milele na kwa matumizi yote". Nitie sahihi?

WakiliKampemba

Usitie sahihi hiyo, dada. Hana nia mbaya, amenakili maneno ya mahali fulani. "Milele na kwa matumizi yote" maana yake kesho wimbo wako unaweza kuuza sabuni, na wewe huna la kusema. Je, wote walioshiriki kwenye rekodi unawajua?

DadaKiitikio

Ni mimi, mpiga gitaa mmoja wa Katuba, na mpiga ngoma. Mpiga gitaa yumo humu, anajijua.

GitaaLaKatuba

Anajijua. Karatasi yetu ipo, niliipiga picha Februari. Wimbo ni wako asilimia 100, rekodi ni yako, sisi wawili tumeandikwa kama wapigaji, tulipatana asilimia 10 kila mmoja kwa matumizi ya namna hii. Kwa hiyo dola 15 zangu, 15 za mpiga ngoma, 120 zako. Mpiga ngoma nitampigia mimi jioni.

Wakili, tumsaidie maneno ya barua.

WakiliKampemba

Dada, nakili hii, jaza nafasi, tia sahihi, umtumie mwenye podikasti naye atie sahihi pia:

"Mimi, mtunzi na mwenye rekodi ya wimbo (jina, ISRC), namruhusu (jina) kutumia sekunde 20 za mwanzo wa rekodi hii kufungua na kufunga podikasti yake (jina), kwa miezi 12 kuanzia tarehe (…), kwa malipo ya dola 150 yatakayotolewa kabla ya kipindi cha kwanza. Vipindi vitakavyotoka ndani ya miezi hiyo vinaweza kubaki mtandaoni. Jina la wimbo, la mwimbaji na la wapigaji liandikwe kwenye maelezo ya kila kipindi. Ruhusa hii haihusu tangazo lolote la biashara, wala haiondoi haki zinazokusanywa na vyama."

Kwa vile vipindi vya nyuma ambavyo vimeshatoka, ongeza mstari mmoja kwamba malipo haya yanavilipia navyo, au mwombe kitu kidogo zaidi. Hilo ni lako kuamua.

DadaKiitikio

Nimeandika kwamba yanavilipia navyo, maana amejibu vizuri. Nimetuma. Yaya, mpiga ngoma ukimpata, mwambie aniandikie jina lake lote kama lilivyo kwenye kitambulisho, maana kwenye karatasi tuliandika lile la utani.